Siku Kikombe Hakikugongwa

Glenelg, Adelaide
7 Machi 1993

Hilda mpendwa,

Najua utashtuka! Ni mimi, Doreen Aldous, mke wa marehemu Jack, wa ranchi ya Marchmont. Anwani yako nimeipata kwa padri wa huko mjini Katherine, naye kaniambia bado una nguvu na bado unaongea sana. Nilicheka peke yangu jikoni. Tafadhali niite Doreen tu, mambo ya "Memsabu" yalikwisha zamani.

Jack alituacha miaka miwili iliyopita, na watoto wameniambia niandike kitabu cha maisha yetu ya ranchi kabla kumbukumbu hazijanipotea. Nimefika sura ya saba, na hii inawahusu ninyi, watu wetu. Nimeiita "Chiki." Unalikumbuka neno letu lile? Nilipokuwa mtoto baba yangu alinipiga kofi mezani kwa kuwa chiki, yaani mtoto asiyejua nafasi yake, anayejibu wakubwa. Leo mjukuu wangu yuko London, ananiandikia kwamba walitoroka kazini kwenda kunywa bia moja ya chiki, na madukani kuna fulana za watoto zenye neno hilo kifuani! Limekuwa neno la mapenzi kabisa. Na mimi ndivyo ninavyowakumbuka. Ninyi wasichana wa jikoni mlikuwa chiki, tulicheka nanyi kutwa nzima.

Na mama yako! Bado namsikia akigonga kile kikombe chake cha bati kwa kijiko, ting ting ting, kila anapotaka kutoka jikoni. Nimeandika ukurasa mzima juu ya kikombe kile. Mgeni yeyote aliyefika alikipenda.

Bila shaka nimemweka pia mumeo, Kapteni wetu, aliyekuwa chiki kuliko wote. Kwa farasi hakuwa na mwenzake, lakini mdomo! Ni huruma Jack alilazimika kumwondoa.

Nina picha nyingi na sijui majina ya waliomo. Naomba unisaidie. Tulikuwa kama familia moja.

Wako kwa upendo,
Doreen Aldous


Katherine
29 Machi 1993

Kwa Memsabu,

Barua imefika. Binti yangu Gwenda ndiye aliyeileta kutoka posta. Alitaka kuitupa, nikamwambia acha, tumsikie mama huyu anataka nini baada ya miaka thelathini na tano.

Umeniuliza kama nalikumbuka neno lile. Loo! Nitalisahau vipi? Ngoja nikuandikie la kwetu, uliweke kwenye sura yako ya saba ukipenda.

Kuna kiazi mwitu kinachoota kando ya mto. Ukikila hivihivi koo linavimba hadi pumzi inakatika. Lazima ukikate vipande vyembamba, ukiweke kwenye maji yanayotiririka, kilale humo, ndipo ukile. Kiazi hicho tunakiita chiki. Nyoka wa kahawia ni chiki. Mbwa anayekuja nyuma yako bila kubweka ni chiki. Fahali aliyekwisha kuua mtu ni chiki. Nenda popote huku kaskazini, muulize mtu mweusi yeyote, atakwambia hivyo hivyo. Unadhani tulilitoa wapi? Bwana akimwita mtu chiki leo, kesho gari la polisi liko getini na mtu huyo haonekani tena. Basi sisi tukadhani ni neno la vitu vinavyoua. Hatukukosea sana, ila tulichanganya nani anaua na nani anauawa.

Gwenda ni mwalimu, anasema wazungu mmelitoa kwenye neno lenu la shavu. Sawa. Hata sisi tulilijua kwa njia ya shavu.

Juzijuzi nilikwenda kumchukua mjukuu shuleni. Mwalimu wake, msichana mzuri, kijana kabisa, akaniambia getini huku anatabasamu, "Huyu wako chiki kidogo!" Memsabu, nilimshika mtoto mkono. Nilimburura mtoto hadi nyumbani, nikamfungashia nguo kwenye mfuko, nikamwambia tunaondoka, twende kwa shangazi yako porini kabla hawajaja. Gwenda akanikuta nimekaa na mfuko mapajani. Alinicheka hadi akalia, kisha akalia kweli. Kwa hiyo usiniambie habari za fulana.

Sasa nakuja kwenye langu. Nilikuwa Darwin hospitalini wakati ule, nimekwenda kujifungua huyu Gwenda. Niliporudi Marchmont na mtoto mgongoni, mume wangu hayupo. Bwana alisimama kwenye ngazi akaniambia, "Alinifanyia chiki mbele ya mgeni wa serikali, nimemfukuza." Basi. Watu wengine wote walikuwa zizini siku hiyo, hakuna aliyeona kitu. Na mimi nilimwamini Bwana! Kwa sababu mume wangu alikuwa na maneno kweli, alikuwa anaweza kumtania hata mkuu wa polisi. Nilimkasirikia, Memsabu. Nilisema mwanamume gani huyu, mke yuko hospitali, mtoto anazaliwa, yeye anaona huu ndio wakati wa kumtukana mwajiri? Gwenda alipokua akaniuliza baba yuko wapi, nilimjibu, "Baba yako aliupenda mdomo wake kuliko alivyokupenda wewe." Hivyo ndivyo nilivyomlea.

Mnamwandika Kapteni. Mimi sijui nimwandike vipi. Kama yu hai, nina mengi ya kumwambia. Kama amekufa, kwetu marehemu hatajwi jina, hata lile la utani mlilompa ninyi. Sikukata nywele zangu, sikujipaka udongo mweupe, sikukaa matanga, wala sikuolewa tena. Mimi si mke, si mjane. Nimekaa mlangoni maisha yangu yote.

Nataka kitu kimoja tu. Mlimpeleka wapi? Nipe mahali, nikupe majina yako ya picha.

Hilda Nangari


Glenelg
2 Mei 1993

Hilda mpendwa,

Barua yako ndefu kweli, nimeisoma mara mbili kwa miwani. Umekuwa mkali siku hizi! Usiniletee chiki uzeeni, Hilda. (Natania.) Habari za kiazi zimenifurahisha sana, nitaziweka. Huwa mnakipika kwa chumvi?

Kuhusu Kapteni, kwa kweli sikumbuki walimpeleka wapi. Mambo hayo yalikuwa ya Jack na serikali, mimi nilikuwa na nyumba ya kuendesha na waridi zangu za kumwagilia kwa maji ya kuoga. Ilikuwa mbali huko jangwani, nadhani.

Lakini siku yenyewe naikumbuka vizuri, na nakutumia picha yake, maana mkaguzi aliyekuja kutoka mjini alikuwa na kamera. Tuliandaa chai barazani. Nilikuwa nimeoka keki ya ndimu, na kitambaa cha meza kilikuwa kile cha harusi. Mama yako alishika trei. Nilimwambia mapema, leo hakuna kugonga kikombe, tuna mgeni wa heshima, usitutie aibu kwa kelele za bati. Akasimama kando ya kiti cha Jack, vizuri kabisa. Ndipo Jack akamwita Kapteni, maana alitaka kumwonyesha mgeni mchunga ng'ombe wake bora. Alimsifia sana! Kapteni akapanda ngazi anacheka, kofia mkononi, akafika juu, akamwona Jack, akaona meza, na ghafla, hutaamini, akageuka akatupa mgongo wote! Jack akamuuliza neno, kimya. Akamwambia geuka unitazame, kimya. Akamwambia ukiondoka hapa bila kunijibu utaona, basi akabaki pale pale, mgongo kwetu, mkaidi kama mtoto. Na mama yako naye ukaidi ukampata. Alikuwa amelishusha trei mezani, akaivuta aproni akajifunika kichwa, akawa anarudi nyumanyuma kuelekea mlangoni. Ilibidi nimwambie, "Simama hapo hapo, chai haijamiminwa, na wewe usianze kuwa chiki." Akasimama. Mkaguzi akapiga picha, alidhani ni mchezo. Mimi nilicheka, ungefanya nini tena? Lakini Jack aliaibika vibaya mbele ya mgeni, na mwanamume akiaibishwa nyumbani kwake, unajua.

Nyuma ya picha andika tu majina kwa penseli. Mchapishaji ananisukuma.

Wako,
Doreen


Katherine
15 Mei 1993

Kwa Memsabu Doreen,

Nimekaa na picha yako siku nyingi. Nimemwonyesha Gwenda. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa.

Yule ni mume wangu na yule ni mama yangu. Mkwe na mama mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Hasemi naye, hasemi mbele yake, hakai naye kivuli kimoja. Akimwona njiani anapinda njia, akikosa pa kupinda anampa mgongo. Siyo chuki. Katika heshima zote tulizonazo, hiyo ndiyo ya juu. Mtu asiyeifanya tunamwona mnyama.

Kikombe kile ulichokipenda wewe na wageni wako, mama alikigonga ili mkwe wake asikie. Ting ting, mume wangu akiwa kwenye rundo la kuni anazunguka upande wa pili, akiwa bombani anaacha ndoo anakwenda. Hivyo ndivyo watu hao wawili walivyofanya kazi kwenye ua mmoja bila kukosana hata siku moja. Na siku ile ukakinyamazisha. Yeye akapanda ngazi anacheka kwa sababu hakusikia kikombe. Alidhani mama hayupo!

Alifika juu, akamkuta. Mlitaka afanye nini? Aseme? Ageuke amtazame mama yangu usoni mbele yenu? Alifanya kitu pekee ambacho mwanamume mwenye adabu angefanya. Alisimama pale akimheshimu mama yangu huku bwana wako anamtisha, na wala hakukimbia, maana aliambiwa asiondoke. Mama naye akajifunika ili amsitiri mkwe wake, nawe ukamwambia simama. Wote wawili wakawatii. Wote wawili mkawaita neno lile.

Mama alikufa mwaka sabini na moja. Tangu niliporudi kutoka Darwin hadi anakufa hakunieleza chochote, maana mama mkwe hasimulii habari za mkwe wake. Kikombe alikitundika kwenye mti nyuma ya kambi ya wafanyakazi, hakukishika tena. Alikuwa na maneno mawili tu, akiyasema peke yake akiosha vyombo, akilala, akiwa na homa. "Nilisimama pabaya." Mimi nilidhani uzee. Nilikuwa namwambia, mama, basi, nyamaza, umesimama wapi tena? Nilimkaripia, Memsabu. Nilimkaripia mama yangu kwa hilo.

Na mume wangu! Mimi mke wake nilimwita chiki. Neno lenu nililichukua kinywani mwangu nikamtia mtoto wake masikioni. Gwenda yupo hapa pembeni, hasemi nami tangu jana, na sina la kumlaumu.

Halafu usiniambie hukujua. Mwaka wako wa kwanza, ulipokuwa bibi arusi hata moto wa kuni huwezi kuwasha, nilikufundisha kukanda mkate. Ukaniuliza kwa nini mama anagonga kikombe. Nilikueleza kila kitu. Ulicheka, ukasema, "Laiti na mimi ningekuwa na kikombe cha kumzuia mama yake Jack!" Unga ulikuwa hadi puani kwako. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo nilikupenda kidogo.

Mahali. Nataka mahali.

Hilda Nangari


Katherine
20 Juni 1993

Memsabu, sijapata jibu. Padri anasema ulimpigia simu wiki iliyopita ukamuuliza kama mimi ni mgonjwa wa akili. Mimi mzima. Picha yako bado ninayo, na nyuma yake hakuna hata jina moja.

Hilda


Glenelg
11 Julai 1993

Hilda,

Sikupenda barua yako, nakwambia wazi. Nimekuwa rafiki wa watu wako maisha yangu yote. Niliwafungia vidonda, niliwapa nguo za wanangu, Krismasi hakuna aliyekosa pipi. Sidhani nilistahili lugha ile.

Kichekesho changu cha mama mkwe nakikumbuka sana! Nimekitumia hata kwenye hotuba za chama cha akina mama. Lakini Hilda, hicho kilikuwa kichekesho. Mtu hawezi kuendesha nyumba kwa kufuata nani amgeuzie nani mgongo. Kulikuwa na wageni mezani. Ningesema nini, katikati ya chai, "Samahani Jack, huyu hakutukani, anamheshimu mpishi"? Jack angenicheka mbele ya watu. Wewe hukumjua Jack akiwa na hasira.

Nimepekua vitu vyake ili mambo haya yaishe. Kapteni alipelekwa Kisima cha Larkin, yale makazi ya serikali kule kusini, mwendo wa siku mbili kwa lori. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule ule. Mapafu, walisema, na hakuwa anakula. Jack alipata simu ya maandishi. Tulishauriana, tukaona ni heri tusikwambie. Ulikuwa na mtoto mchanga, ulikuwa umetulia, na kwenye kufua hapakuwa na mtu kama wewe. Tulifikiria faida yako.

Sasa nimetimiza upande wangu. Naomba picha na majina kabla ya mwisho wa Agosti. Sura imebadilika jina kidogo, sasa ni "Chiki: Wachangamfu Wetu wa Marchmont."

D. Aldous


Katherine
3 Oktoba 1993

Doreen,

Tumetoka Kisima cha Larkin. Gwenda aliendesha. Tulipofika njia panda ya kusini ndipo aliposema nami tena, akaniuliza, "Mama, alikuwa anacheka vipi?" Nikamwonyesha. Tukaendelea.

Makazi yalifungwa zamani, zimebaki nyumba tatu na bomba. Makaburi yana vyuma vyenye namba, majina hakuna. Lakini kuna mzee anaitwa Dinny, yeye alikuwapo, na ndiye aliyemzika mume wangu kwa mikono yake. Hakuwa na haja ya namba. Alitupeleka moja kwa moja.

Nikamuuliza alikuwaje, mtu yule kutoka Marchmont. Akasema alikuwa mpole hadi watu walidhani bubu. Chakula alikuwa anawapa watoto. Akasema kitu kimoja hawakukielewa, na waliwahi kumcheka kwa ajili yake. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo bombani, vikombe vya bati vinagongana. Kila vikigongana, yule mtu anainuka popote alipo, hata akiwa na homa, anajikokota kwenda upande wa pili wa nyumba, anasimama na mgongo wake ukutani. Anangoja. Kisha anarudi. Siku ya mwisho hakuweza kuinuka, akawaomba wamgeuze uso ukutani. Walidhani anachukia mwanga.

Nililala pale juu ya udongo nikalia. Nilimwomba radhi kwa sauti, na Gwenda akisikia kila neno. Nilimwambia, nilikuita jina baya miaka thelathini na tano, na katika watu wote mimi ndiye niliyepaswa kukujua. Nilimwambia mtoto wako ni huyu, mtazame, huyu unaruhusiwa kumtazama. Kisha nikakata nywele zangu. Gwenda akanipaka udongo mweupe. Sasa mimi ni mjane, na nimeshukuru kuwa kitu kimoja.

Watu waliniuliza kama tutamleta nyumbani Marchmont, siku hizi serikali inasaidia. Nimekataa. Mama amezikwa pale. Wamekaa mbalimbali, hawaonani, na hivyo ndivyo walivyotaka kukaa tangu mwanzo. Ni ninyi tu mliowakutanisha.

Picha yako nairudisha, nimeahidi. Utaona nimekata kipande. Huo ni mgongo wa mume wangu, picha nyingine yake sina, nimebaki nao. Mama nimemziba kwa utepe mweusi, maana sisi marehemu wetu hatuwaachi wakitazamwa na kila mtu. Bwana wako nimemziba pia, naye amekufa, simnyimi adabu hiyo.

Umebaki wewe peke yako barazani, keki mbele yako, mdomo wazi unacheka. Huyo sikumwandika. Jina lake unalijua.

Hilda Nangari